Reki ya Enoch kwenye Kona ya Mwisho

Enoch Tattersall alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache, na katika mji wa Ravensclough hivyo viwili vilitosha kumpa mtu heshima. Siku tano na nusu za juma alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, chumba cha mitambo ya kufuma, penye kelele nyingi hivi kwamba watu husemezana kwa midomo bila kutoa sauti. Jumamosi jioni alivaa buti, akachukua reki yake kibandani, akaenda kwenye uwanja wa mbio za pikipiki. Alianza kazi hiyo mwaka mbio zenyewe zilipoanza pale, 1929, na hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja isipokuwa miaka ya vita, ambapo hapakuwa na mbio za kukosa.

Kazi ya reki wengi waliidharau. Pikipiki nne zinakimbia mizunguko minne, zinaingia kona kiubavu, na tairi za nyuma zinachimba changarawe nyekundu na kuirusha hadi kwenye ukuta wa mbao. Zikimaliza, wapiga reki sita wanatoka, wanairudisha changarawe mahali pake, wanafukia mitaro, na uwanja unakuwa laini kama unga uliochekechwa. Kisha wanne wengine wanakuja kuuchafua tena. Mkewe, Hilda, alizoea kusema kwamba mumewe analipwa kufagia nyumba yenye watoto.

Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Mwendeshaji akikaza mafuta ili aongeze kasi, tairi lake huchimba mtaro mpana wenye ukingo mbichi upande wa nje. Akiachia mafuta hata kufumba na kufumbua, mtaro hukatika, na tairi huacha mstari mwembamba ulionyooka, kama wa baiskeli ya kasisi. Watu elfu nane jukwaani hawakuweza kuliona hilo kwa vumbi na moshi. Enoch aliliona, kwa kuwa alikuwa ameinama. Na kila alipoliona, alilifukia.

Hapo utaelewa kwa nini umbea wa mbio zilizopangiwa mshindi mapema haukumshangaza. Ulikuwepo kila Jumamosi, kwenye foleni ya mikate ya nyama.

"Hao wameshagawana, huko huko chumba cha kubadilishia nguo."

"Nani kakwambia?"

"Sihitaji kuambiwa, nina macho. Yule kapunguza kona ya mwisho."

"Macho gani? Wewe muda wote ulikuwa umemkodolea yule binti wa chai!"

Na lisemwalo lipo. Katika miaka ile Enoch aliona mitaro mingi iliyokatika. Mtu ameshapata pointi za kumtosha, anamwachia rafiki yake ashinde. Wawili wa timu moja wanapeana zamu. Hakumwambia mtu. Si kwamba alikuwa mwema kuliko wengine. Aliamini tu kwamba kazi yake ni kusawazisha, na anayesawazisha hapigi soga.

Alikuwa na mtoto mmoja, Len, na Len alikulia kwenye ule uwanja kama mpira uliosahauliwa pale. Alipofika miaka ishirini alikuwa akiendesha. Alipofika ishirini na minne alikuwa wa kwanza wa timu, na wazee wa kiwandani waliomjua akiwa na kamasi walikuwa wakimwita "bwana mkubwa" kwa kumtania. Rafiki yake tangu shule alikuwa Ossie Birtwell, mwenzake kwenye timu, kijana mwembamba mwenye mke mjamzito na bahati mbaya. Len na Ossie waliazimana spana na viatu vya dansi, na wakigombana waligombana kama ndugu, kwa dakika tano.

Agosti mwaka 1950 ulifanyika mchujo wa fainali ya London. Mbio ya mwisho ilipofika, Len alikwisha kupata pointi zake. Hata akija wa pili, angekwenda London. Ossie ilimbidi ashinde. Jua lilikuwa bado halijazama. Mzunguko wa nne Len alikuwa mbele, Ossie yuko mgongoni mwake, na kwenye kona ya mwisho Ossie akaligonga tairi la nyuma la Len. Pikipiki za mbio hizi hazina breki, hazijapata kuwa nazo. Len alirushwa ukutani.

Hilda alishuka jukwaani mbio, akaingia kwenye gari la wagonjwa pamoja na mwanawe, mlango ukafungwa. Enoch alibaki amesimama na reki yake. Mwamuzi akamtoa Ossie mbioni, akaamuru mbio irudiwe na wale wawili waliobaki, kisha akapiga kengele ya kuwaita wapiga reki.

Na Enoch akaenda. Wapo waliomlaumu kwa hilo hadi leo, lakini wao hawakuitikia kengele ile miaka yote aliyoiitikia yeye. Miguu ilikwenda yenyewe. Ilimpeleka kona ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kona yake, akainama. Mtaro wa Len ulikuwa mpana na mzuri, kisha ukakatika. Hatua nne za mstari mwembamba, ulionyooka. Nyuma yake mtaro wa Ossie, mpana vilevile, haujapungua hata kidole, umeingia moja kwa moja ndani ya ule mstari.

Len alikuwa ameachia mafuta. Alitaka kumpisha rafiki yake, na rafiki yake hakujua.

Enoch aliusoma mstari ule wote, mwanzo hadi mwisho. Kisha mikono yake ikavuta changarawe.

"Enoch, acha, nitamalizia mimi," alisema Horace Clegg, mpiga reki mwenzake, akiwa amemshika bega.

"Nimeshamaliza," alisema Enoch. Na kweli alikuwa amemaliza. Saa mbili za usiku hospitalini walimwambia kwamba Len amekufa.

Tangu hapo ganzi ikamwingia. Jumatano alirudi kiwandani. Alikula alichowekewa, viazi au kabichi, bila kujua alichokula. Makaburini hakutoa chozi. Aliona tu kwamba wachimbaji wameuacha ukingo wa kaburi haujanyooka. Watu walisema mzee ni jiwe. Hakuwa jiwe. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake usiku kucha na sasa anautazama asubuhi, anashangaa ni wa nani.

Mji wetu, kwa upande wake, haukuwa na ganzi hata kidogo. Kufikia Septemba kila mtu alijua kilichotokea, hasa wale ambao hawakuwepo. Ossie alimgonga makusudi. Ossie aliutaka ushindi hata kwa damu. Wengine waliongeza kwamba kulikuwa na mapatano, Len akayakataa, na ule ndio mshahara wake. Doreen, mke wa Ossie, akiingia duka la mikate maongezi yanakatika, anahudumiwa wa mwisho, tumbo lake mbele, na hakuna anayempisha kiti.

Ossie mwenyewe alimngoja Enoch siku moja langoni mwa kiwanda.

"Mzee Enoch, sikumgonga makusudi. Naapa. Alikuwa mbele yangu, mara nikamkuta kanijia usoni. Sielewi mpaka leo."

Enoch alielewa. Angeweza kumwambia kwa maneno kumi.

"Nenda nyumbani, kijana," alimwambia. Akaenda zake, na hakuona haya wala huruma wakati ule. Haya ilikuja baadaye, kidogo kidogo.

Kisha akaja Bwana Fairclough, katibu wa chama cha mashabiki, mtu mwenye masharubu na moyo mzuri na ulimi usiopumzika. Alitandaza mchoro mezani: kombe la fedha, lenye mabawa mawili. Kombe la Leonard Tattersall, litashindaniwa kila mwaka.

"Mwendeshaji safi kuliko wote tuliopata kuwa nao," alisema Fairclough. "Hakuwahi kuuza hata pointi moja. Na huyo Birtwell, bodi ya mbio wakishamkaanga kwa maswali mwezi ujao, hatagusa pikipiki tena. Wewe utaitwa kama baba, Enoch. Useme machache tu."

Hilda aliutazama mchoro, akasema ni mzuri, akaenda jikoni.

Barua ya kuitwa Manchester, kwenye kikao cha bodi, ilifika. Jumapili kabla ya kikao, wakati wa chai, Enoch alikaa mbele ya mkewe na kuona kwamba amefika ukutani. Akinyamaza, Ossie atabaki muuaji maisha yake yote, na mtoto wake ataitwa mtoto wa muuaji. Akisema, Len atakuwa tapeli, kaburini, asiweze kujitetea. Na Hilda, ambaye hakuwa na kingine kilichobaki ila jina la mwanawe, atanyang'anywa hata hilo. Aliogopa hilo la mwisho kuliko yote. Lakini Hilda ndiye aliyeanza.

"Baba Len, nina neno. Ukinichukia baada ya hapo, nichukie."

Enoch akaweka kisu cha siagi chini.

"Jumamosi ile alipokuwa anakula, aliniambia. Akasema, 'Mama, mimi nikishapata pointi zangu, namwachia Ossie mbio ya mwisho. Simwambii, maana atakataa, unajua kiburi chake. Doreen atafurahi.' Alikuwa na yai mdomoni." Akasukuma sahani yake kando. "Nami nilicheka, Enoch. Nikamwambia, tenda wema nenda zako, mwanangu. Ndivyo nilivyomwambia. Ningesema neno moja tu, Len usicheze na mambo hayo, angenisikia. Alikuwa ananisikia."

Saa ya ukutani iligonga. Enoch akamwambia alichokuwa nacho, habari ya mstari mwembamba wa hatua nne, na jinsi alivyoufukia.

"Kumbe ulijua," alisema Hilda.

"Nilijua."

Wiki sita walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja na nusu yake ya siri.

"Mwokoe yule kijana," alisema Hilda. "Na wakiuliza kama kuna aliyejua, nitaje. Nitakwenda nisimame mbele yao mimi mwenyewe. Wacha waseme mama yake ndiye aliyemtuma."

Kikao kilifanyika Manchester, ghorofa ya pili ya hoteli, wazee watatu nyuma ya meza ndefu. Ossie alikaa pembeni, kola ya shati imemzidi shingo. Fairclough alikuwepo, amevaa tai nyeusi. Enoch alisimama akasema aliyoyaona, polepole, kama anasoma orodha ya vitu vya dukani.

"Na alama hizo ziko wapi sasa, Bwana Tattersall?" aliuliza mwenyekiti.

"Nilizifuta."

"Ulizifuta? Ajali ya mwanao?"

"Kengele ilikuwa imelia, bwana."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Birtwell alijua kwamba mwanao angeachia mafuta?"

"Hapana. Angejua, angekaa mbali naye. Mtaro wake haukupungua hata kidogo."

"Na mwingine yeyote? Mtu wa nyumbani, labda? Inatupasa kuandika majina ya wote waliojua."

Enoch aliitazama mikono yake, iliyokuwa imetulia juu ya kiti kilicho mbele yake.

"Hakuna," alisema. "Len hakumwambia mtu."

Wakaandika hivyo. Ossie aliachiwa jioni ile ile. Alimkuta Enoch kwenye ngazi za hoteli, akawa analia waziwazi, kofia mkononi.

"Mzee, mbona hakuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ningekataa!"

Kwenye treni Fairclough alikaa kiti cha mbele yake, akatazama dirishani hadi kituo cha Rochdale. Ndipo akasema, "Umemzika mara ya pili, Enoch. Sijui umepewa nini." Kesho yake mji mzima ulikuwa ukijua kwamba mzee Tattersall kahongwa, na kombe lile lenye mabawa likaja kupewa jina la diwani mmoja ambaye hajapata kupanda hata baiskeli.

Nyumbani alimkuta Hilda amekaa kando ya moto amevaa koti na kofia, mkoba magotini, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Ossie?"

"Wamemwachia."

"Na mimi? Waliuliza juu yangu?"

"Hawakuuliza."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama Len."

Hilda alimtazama. Alikuwa mke wake miaka ishirini na saba, na alizijua njia zake zote za kusawazisha. Akavua kofia, akatoa pini zake moja moja, akamimina chai.

Enoch alipokipokea kikombe, mikono yake ilianza kutetemeka, ile mikono ambayo haikutetemeka siku ile kwenye kona wala kaburini. Chai ikamwagika juu ya kitambaa cha meza, kikombe kikagongana na sahani, akashindwa kukiweka chini.

"Nilimfuta, Hilda," alisema. "Kilikuwa kitu chake cha mwisho, na kilikuwa kizuri. Kengele ililia, nami nikamfuta."

Akalia hapo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Hilda akamwondolea kikombe mkononi, akaishika mikono ile mikubwa yote miwili, akaibana mezani, hakuiachia.