Kioo cha Asmani

Rumonge nzima, kule Burundi, ilimwita Asmani "Profesa", na miaka kumi tangu Uhuru jina hilo lilimvimbisha kichwa. Mwezi wa tano 1972 likaanza kumtoa jasho. Uasi ulikuwa umezuka, na askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakichukua waliosoma. Mwalimu Hubert, jirani yake, walimtoa akiwa bado na tonge mkononi, na hakurudi.

Na profesa gani, jamani! Asmani alikuwa mpimaji tu. Kabla ya Uhuru, huko Kongo, Wabelgiji walimkalisha mbele ya hadubini na vioo vilivyopakwa dawa ya picha. Plutoni, ile ya mabomu ya atomiki, ikipasuka hurusha vijichembe viitwavyo nyutroni. Vyenyewe havionekani, lakini kimoja kikigonga haidrojeni ndani ya ile dawa, hiyo iliyogongwa hukimbia na kuacha mstari mwembamba. Mstari mrefu, nyutroni ilikuja na nguvu nyingi. Mfupi, nguvu kidogo. Asmani aliipima mistari hiyo jicho moja wazi, jingine kalifumba, mpaka shingo ikakakamaa. Siku ya kuagana mzungu wake alimpa kioo kimoja, cha rangi ya chai. Ndicho ushahidi wake pekee, maana nani angemsadiki?

"Baba Aruna, kitupe ziwani," mkewe Asiya alimsihi.

"Kesho, mama."

Kesho ikaja na viatu vya askari.

"Profesa ni nani hapa?"

Asmani akasogea mbele. "Ni utani tu, shefu. Mimi niko muuza mawese."

Askari akapindua sanduku, akakiinua kioo kwenye mwanga. "Na hii? Ramani ya waasi?"

Asmani alikuwa na jibu, tena la kweli tupu, lakini neno lake moja tu lingeonyesha kuwa kasoma, likamfunga kamba. Mkojo ukamponyoka.

Mlangoni Asiya alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Akacheka. Wallahi, alicheka!

"Ramani? Hicho kioo cha picha ya harusi yetu, afande. Mwanaume mchafu huyu, kakiacha jikoni kikala moshi. Lete."

Akakichovya majini, akakisugua kwa majivu na mchanga. Ile dawa ikalainika, ikachubuka, ikatoka na maji machafu. Kazi yote ya Asmani ilikuwa ikimwagika chini, naye akaomba imwagike haraka. Pembe moja ikagoma. Askari akainama kutazama. Asiya akaitemea mate, akaikwangua kwa kucha.

Kioo kikawa cheupe. Askari akachungulia, akaona uso wa Asmani upande wa pili.

"Kajikojolea, huyu ndiyo profesa?" Akakitupia kitandani, akaenda kwa jirani.

Asiya akarudi kwenye sufuria ileile, akaisugua mpaka jioni.

Kioo kiko ukutani, mbele ya picha ya harusi. Kila Asmani akisikia viatu nje, hukisogelea, hufumba jicho moja, akatafuta kama kuna mstari hata mmoja uliobaki.