Kadi ya Mama Aliyehamishwa

Juzi nilipanga foleni kwenye dirisha la karani wa kadi, hospitali moja mkoani Iringa. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa makamo, amejishika kiuno.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu karani. "Naomba kadi yangu. Kuna sindano ilitaka kuniua, daktari akaandika nisichomwe tena."

"Unatoka wapi?" Kadi za hospitali hiyo hupangwa kwa vijiji.

"Idodi."

Karani akavuta droo ya Idodi, akapekua, akaifunga kwa goti. "Haipo. Mama, wewe hujawahi kutibiwa hapa." Akamtazama kama mwizi wa kuku.

Mama akafunua tumbo mbele yetu sote. "Na mshono huu nilishonwa jikoni kwangu?"

Foleni ikaguna. Nikamwuliza, "Mama, uliposhonwa ulikuwa unakaa wapi?" Akataja kijiji chake cha zamani, kabla lori la operesheni ya vijiji vya ujamaa halijawahamishia Idodi.

"Kile kimefutwa," karani akasema. "Nitatafutaje mahali ambapo hapapo?"

Hata hivyo aliinama chini ya meza, akaondoa vikombe vya chai, akavuta droo yenye vumbi. Kadi ilikuwemo, na onyo la daktari kwa wino mwekundu.

Watu walipakiwa kwenye lori, kadi zao zikabaki.

Mnadhani aliomba radhi? Alimtazama mama kwa jicho la pembeni. "Sasa mbona ulinidanganya kwamba unatoka Idodi?"

Zamu yangu ikafika. "Wewe unatoka wapi?"

Mimi sijawahi kuhama, lakini kabla ya kujibu nilichungulia nje kama kuna lori.