Mpishi Aliyeshiba kwa Harufu

"Na huu nao umeota mfukoni?"

Bibi alikuwa ameishika aproni ya mjukuu wake kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Alichomoa kitambaa kutoka mfuko wa mbele, akakikunjua juu ya meza ya kukatia mboga. Ndani mlikuwa na bonge la wali na maharage, limekauka, limepasuka katikati kama kisigino.

"Bibi, rudisha."

"Nirudishe wapi? Mfukoni? Ukingoja mvua utavuna gunia."

"Sema polepole, wanafunzi wako dirishani."

"Wanafunzi wako nje, mimi niko ndani, wali uko mfukoni. Aliyepotea njia hapa ni mmoja tu."

Mjukuu wake hakucheka. Alisimama katikati ya majiko mawili yanayounguruma, jiko lenye joto la kumtoa mende jasho, na yeye kavaa sweta. Alikuwa mpishi wa bweni la chuo cha ufundi, vijana mia mbili, asubuhi, mchana na jioni. Walimwita Mwiko, kwa urefu wake na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu.

"Siku ngapi?" Bibi akauliza.

"Moja."

"Mke mwenzangu, nimezaa tisa. Bonge la siku moja nalijua. Hili lingekuwa mtoto, lingekuwa limeshaota magego."

"Tatu."

Bibi akajishusha juu ya kreti lake, lile alilokalia kila siku akimenya vitunguu. Akaitazama aproni mapajani mwake.

"Tatu," akasema. "Siku tatu Mama Msimamizi wa bweni ananiuliza, 'Bibi, amekula?' nami namjibu, 'Amekula, sahani imebaki inang'aa kama kipara cha marehemu.' Kumbe naongopa! Mimi uongo wangu nautunga mwenyewe, naulea, naupeleka mjini umevaa viatu. Huu wako umenibebesha mgongoni nimelala."

Na kweli, kwa uongo Bibi hakuwa na mpinzani. Ndiye aliyewahi kupika uji mzito hata mwizi aliyekuja usiku kuiba sufuria akanasa mkono, asitoke, wakamlisha wiki nzima kwa kijiko mpaka akaomba kumwoa. Ndiyo maana, alisema, babu alikuwa na kidole kilichopinda. Watoto wa mtaa mzima walikikagua kile kidole babu alipokuwa hai, na babu mwenyewe alichoka kukana.

Lakini hadithi iliyotembea kuliko zote ilikuwa ya mjukuu. "Huyu wangu hali," Bibi alikuwa akiwaambia wageni. "Anashiba kwa harufu. Juzi kapita nje ya duka la mikate, kufika nyumbani vifungo vya gauni vinaruka, kimoja kikavunja dirisha la jirani!" Watu walicheka wakashika mbavu. Na mtu akishacheka haulizi tena.

Mwiko naye alicheka nao. Ilimfaa. Mila ya jikoni ilimfaa pia: mpishi hula mwisho. Wanafunzi wakishashiba, wasaidizi wakishakula na kwenda kulala kidogo, nani atabaki kutazama sahani ya mpishi? Alionja kila kitu, chumvi, pilipili, maharage kama yameiva, akatema kwenye sinki na kufungulia maji. Sahani yake aliipakua ikajaa, akaivuruga, akaimwaga kwenye ndoo ya makombo na kuifunika kwa majani ya kabichi. Ilianza mwaka aliofariki mama yake. Mwaka ule kila kitu kilimponyoka mkononi isipokuwa kile kijiko, alichoweza kukikatalia. Mwanzoni alijiona shujaa. Mtu mmoja akamwambia amependeza. Baadaye hakukuwa na shujaa tena, kulikuwa na sauti tu, inaamka kabla yake na kulala baada yake, inamhesabia kila tonge. Nywele zilianza kubaki kwenye kilemba. Siku zake za mwezi zikakoma. Usiku alijifunika mablanketi mawili, na mifupa ya nyonga ikagombana na godoro.

Ikafika siku ile alipoanguka mbele ya supu inayotokota. Alianguka kulia. Angeanguka kushoto, hadithi hii isingekuwa na mtu wa kusimuliwa. Mama Msimamizi ndiye aliyemvuta kwa miguu hadi mlangoni, kisha akampeleka kliniki mwenyewe. Muuguzi wa kule hakusema ni maringo, wala hakusema ni pepo. Alisema ni ugonjwa, una jina, na watu hupona, ila hawaponi peke yao. Akataka kila mlo awe na mtu wa kukaa naye, na akae naye tena nusu saa baada ya kumaliza.

Miezi mitano alikuwa nyumbani, akienda kliniki kila wiki. Aliporudi, Mama Msimamizi alimpa sharti moja. "Hapa sasa mpishi anakula kwanza. Kabla ya kengele, mbele ya bibi yako, aje kila siku. Siku thelathini. Zikitimia, jiko ni lako kama zamani. Zisipotimia, utarudi kliniki, na mimi nitatafuta mtu mwingine."

Wasaidizi walinung'unika kwamba ni aibu mpishi kutangulia kula, kama bwana harusi anayewahi biriani ya harusi yake. Mwiko alivumilia. Siku ishirini na sita alikula. Nyingine kwa machozi, moja kwa saa nzima, lakini alikula. Akaanza kusikia joto vidoleni.

Siku ya ishirini na saba kijana mmoja wa useremala aliingiza kichwa dirishani, meno yote nje. "Dada Mwiko! Umenenepa bwana! Sasa umependeza!"

Alidhani anampa zawadi, maskini. Neno hilo kwa mtu mwingine ni salamu ya heri. Kwa Mwiko lilikuwa kama mtu amefungua mlango wa chumba alimofungiwa mbwa. Mchana ule Bibi alipogeuka kuchukua kisu, vijiko vya kwanza viliingia mfukoni badala ya mdomoni. Kesho yake vingi zaidi.

Na leo ilikuwa ya thelathini.

"Bibi," akasema sasa, akichutama mbele ya kreti. "Sema nimekula. Leo tu. Nitaanza upya kesho, naapa."

"Siwezi."

"Huwezi? Wewe? Ulimnasisha mwizi kwenye uji!"

"Alinasa."

"Babu hakuwa mwizi!"

"Babu yako aliiba mengi, hujui wewe." Bibi alisema hivyo kwa mazoea, lakini hakutabasamu. "Uongo ule wa mwizi haukumkondesha mtu."

"Sikuelewi."

"Nilikuona na ile ndoo. Mwaka wa juzi. Nilikuletea dawa ya kikohozi, nikapita mlango wa nyuma. Nikakuona unafunika majani ya kabichi, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto."

Mwiko alihisi masikio yakimwaka. Miaka yote alijua hakuna jicho lililowahi kufika pale.

"Ukanyamaza," akasema.

"Afadhali ningenyamaza. Nilirudi nyumbani nikatunga ile ya harufu. Jioni ileile. Nikawachekesha majirani." Bibi akakikunja kile kitambaa, akakikunjua tena. "Nimekuchimbia shimo kwa mdomo wangu, na kila aliyecheka katia koleo moja. Sasa nichimbe jingine? Sichimbi."

"Mama Msimamizi atanifukuza."

"Huenda."

"Nitafanya nini mimi bila jiko hili?"

"Sijui, mwanangu."

Hilo la sijui lilimtisha kuliko makelele yote. Bibi alikuwa na jibu la kila kitu, hata la kwa nini paka hanywi chai. Mwiko alitazama saa ya ukutani. Kengele ilibakiza dakika kumi na tano, na Mama Msimamizi hutangulia kengele.

Bibi aliinuka, magoti yakalia kama kuni kavu. Akachukua sahani, akapakua wali, akapakua maharage, kipimo kilekile cha muuguzi, asipunguze kwa huruma wala kuzidisha kwa hofu. Akaiweka mezani, karibu na kitambaa.

"Nikila nusu?"

"Nitasema nusu."

"Nikishindwa?"

"Nitasema leo umeshindwa. Na nitasema siku ishirini na sita uliweza, maana hizo nazo ni kweli."

Mwiko alikaa. Kijiko cha kwanza kilipanda polepole. Wali ulikuwa mzuri, aliupika mwenyewe. Sauti ilimwambia ateme. Alitafuna mpaka hakukuwa na cha kutafuna tena, akameza. Cha pili. Cha tatu kiligoma, akakirudisha, akakichukua tena.

"Niambie hadithi," akasema. Muuguzi alishauri mazungumzo mezani, na siku zote hizo Bibi alikuwa amemlisha uongo pamoja na wali, mmoja baada ya mwingine, hata akawa hajui kipi kimemshibisha.

Bibi akafungua mdomo. "Kulikuwa na..." Akaufunga.

"Zimeisha?"

"Zipo. Hazitaki kutoka."

Kijiko cha nne. Cha tano. Nje wanafunzi walianza kugonga sahani zao ukutani kwa njaa, mdundo wa kila siku. Mwiko aliweka kijiko chini kidogo.

"Bibi. Siku ile ya ndoo. Kwa nini hukuniuliza tu?"

Bibi alichukua kitunguu, akakizungusha, asikimenye. Macho yalikuwa yamemlowa, na kitunguu hakikuwa kimekatwa bado.

"Nilifika mpaka mlangoni," akasema. "Swali nilikuwa nalo mdomoni. Nikaogopa. Nilifikiri, nikiuliza utanijibu, na ukinijibu..."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama Msimamizi aliingia na upepo wa nje, miwani yake ikapata ukungu papo hapo. Akaivua, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa.

"Mlikuwa mnasema nini?"

Mwiko alikuwa na kijiko cha sita kinywani, hajakimeza, hajakitema. Sahani ilikuwa imefika nusu. Alinyoosha mkono, akakishika kile kitambaa kwa ncha moja, akakisukuma juu ya meza, na bonge lake ndani, mpaka kikafika upande wa mlango, mbele ya Mama Msimamizi.