Mguu wa Salum na Msamaha wa Wakubwa

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani nimeiweka wapi. Tulikuwa tunakaa Hindawiya, Jeddah, nyumba ya vyumba viwili, sisi wanne: baba, bibi mzaa baba, kaka yangu Salum, na mimi niliyeanza tu kufunga ushungi. Tulihama Unguja baada ya mapinduzi nikiwa mtoto wa kubebwa, na baba mpaka anaingia kaburini alikuwa na Kiarabu cha sokoni, cha kununulia samaki na kuulizia bei.

Nakuhadithia kwa sababu ya ile video uliyonitumia jana, ya yule kijana mashuhuri aliyekamatwa. Watu wamejazana wanaandika "mwachieni, kijana wa watu, tunampenda," na yule aliyegongwa na gari lake hakuna hata mmoja aliyemtaja jina. Na wewe ukaweka moyo mwekundu hapo chini. Niliuona nikiwa hapa Malaz, Riyadh, na kikombe changu cha chai, na chai ikanishinda kunywa.

Basi sikiliza. Salum alikuwa fundi cherehani, kijana mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kukata kanzu. Jioni moja alipokuwa anavuka barabara kurudi nyumbani, gari kubwa likampitia na halikusimama. Watu walishika namba. Kumbe mwenye gari ni mchezaji mpira, mshambuliaji ambaye picha yake ilibandikwa kwenye kila duka la mtaa wetu, hata ukutani kwetu. Salum mwenyewe ndiye aliyeibandika. Madaktari wakamkata mguu wa kulia chini ya goti.

Wiki hiyohiyo, Athumani, mtu wa Lamu aliyekuwa akiendesha gari la maji la kafili wake, yaani tajiri aliyemdhamini kukaa nchini, alimgonga mtoto wa jirani yetu, mjane mmoja tukimwita Umm Saleh. Mtoto alichomoka mbio uchochoroni. Athumani alisimama, akambeba mikononi mwake, akamkimbiza hospitali huku analia yeye kuliko mtoto. Mguu ulivunjika, ukafungwa plasta, ukaunga. Lakini Athumani alikamatwa palepale hospitali, akatiwa ndani. Kafili wake alipopelekewa habari alisema, "Halas, basi, nitaleta dereva mwingine."

Sasa njoo kwetu. Ijumaa moja baada ya sala yakaja magari sita, yakaziba uchochoro mzima. Wakashuka wanaume watu wazima wenye majoho, matajiri wa mjini na wakubwa wa klabu yake. Baba alibabaika. Maskini, hajapata kuingiwa na wageni kama wale. Akaniita nipike kahawa upesi, nitie iliki na zafarani, nitoe na tende nzuri. Nikapika, baba akaipokea mlangoni, nami nikabaki nyuma ya pazia, nimetumbua macho.

Wakamiminiwa vikombe. Kila mmoja akakishika chake, akakiweka chini mbele yake bila kuonja. Mkubwa wao akasema, "Tuna haja kwako, Abu Salum."

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, unaijua mila hii. Mgeni mwenye jambo zito haonji kahawa mpaka mwenye nyumba amkubalie. Mwenye nyumba akimwambia kunywa, basi amekwisha kukubali, na neno limetoka mbele ya mashahidi. Baba hakujua. Kwetu sisi mgeni asipokunywa ni aibu ya nyumba, utadhani umemtilia kitu. Aliviona vile vikombe vinapoa, jasho likamtoka, akasema kwa kile Kiarabu chake, "Kunyweni, jamani, kunyweni kwanza! Mtakacho chote mmepata, kunyweni!"

Wakatazamana. Nilimwona mmoja wao, mwembamba, mwenye ndevu zilizochongwa, akitabasamu chini kwa chini. Walijua, wallahi walijua kwamba mzee yule hakufahamu anachotoa. Wakanywa kwa pamoja, wakamwombea baba Mungu aung'arishe uso wake, wakainuka. Jirani yetu wa Kihijazi, mwenyeji wa Jeddah, aliyekuwa amekaa pembeni ndiye aliyemweleza baba baada ya magari kuondoka kwamba amekwisha kumsamehe yule mchezaji. Baba akakaa chini kama gunia.

Na mimi, kwa ujinga wa usichana, nikatoka nyuma ya pazia nikauliza, "Kwani mwenyewe hakuja?"

Bibi alinigeukia. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku ile aliipandisha. "Kaka yako hana mguu, na wewe unatafuta sura ya aliyemkata? Angekuja ungemwomba nini, saini?" Akaenda ukutani, akaibandua ile picha kwa kucha, akaikunjakunja. Aibu niliyoiona sijaisahau mpaka leo.

Kwa sheria, Salum alikuwa mtu mzima, na msamaha ulikuwa wake. Lakini baba alikwisha kutoa neno mbele ya watu. Alikwenda hospitali na karatasi ya msamaha mkononi, na bibi na mimi nyuma yake. Salum alisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu wangu, baba," alisema, "na wewe ndiye uliyesamehe."

"Sikujua, mwanangu. Ukikataa sitaweza kutoka nje ya mlango."

Salum akatia saini, kisha akageukia ukutani. Hakusamehe. Alimsitiri baba yake, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tukirudi, tulipofika karibu na nyumba, bibi alisema, "Yule ana magari sita ya kumwombea. Athumani ana nani?" Kesho yake akanichukua tukaenda kwa Umm Saleh. Tukaletewa kahawa. Bibi akakiweka kikombe chini, akanitazama nami nikaweka changu. Umm Saleh akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Mmejifunza, enyi watu wa Zanjibar," akasema. "Kunywa, mama. Aliyembeba mwanangu mikononi nimekwisha kumsamehe. Nilikuwa nangoja mtu aje kuniuliza." Akaenda mwenyewe mahakamani na kaka yake, akaandikisha kwamba hamdai Athumani kitu.

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka, nami mtu mzima wa kumeza dawa ya presha asubuhi na jioni. Makosa ni ya aina moja. Misamaha yote miwili iliandikishwa mbele ya hakimu. Ilibaki ile adhabu ambayo si ya aliyeumizwa, ni ya umma, nayo imo mkononi mwa hakimu mwenyewe. Kwa mchezaji aliyekimbia, ikasemwa kwamba ana jina zuri, ni mfano kwa vijana, na taifa linamhitaji. Akakaa ndani wiki chache. Kwa Athumani aliyesimama, hakuna aliyesema ni mfano kwa mtu yeyote. Alikaa mpaka mtoto wa Umm Saleh alipokuwa anacheza mpira uchochoroni kwa mguu uleule uliovunjika, kisha akapandishwa ndege kurudishwa kwao, marufuku kurudi.

Msimu ulipoanza, yule mchezaji alirudi uwanjani. Salum alikuwa chumbani anajifunza kutembea kwa magongo, na redio za majirani zilikuwa wazi. Mara Hindawiya nzima ikalipuka kwa kelele, watu wanapiga sufuria madirishani. Salum akasimama katikati ya chumba, akaniuliza, "Amefunga?"

Nikamwambia ndiyo.

"Kwa mguu gani?"

Nikaenda nikafunga dirisha, mwanangu.

Najua utaniambia mambo yamebadilika, sheria siku hizi zimeandikwa vizuri na kesi zinaonekana kwenye simu. Sawa. Lakini nilichokiona kwenye video yako ni msafara uleule wa wenye majoho, ila sasa ni watu laki nzima na wewe umo ndani yao. Hakimu naye ni binadamu, ana masikio, na wanawe wana simu.

Nakuusia hivi. Ukisikia mtu mwenye jina amemuumiza mtu, ulizia kwanza jina la aliyeumia, na usiseme neno la kumtetea mwingine mpaka ulijue. Msamaha usiutoe kwa kuona haya wageni, wala usimtolee mwenzako mwenye jeraha lake. Ukimwombea mkubwa apunguziwe, basi siku hiyohiyo katafute mnyonge aliyefungwa kwa kosa lilelile umwombee naye. Ukiona hilo ni zito, nyamaza, maana utakuwa umejua kwamba huna huruma, una ushabiki tu. Na ule moyo mwekundu ufute leo.

Mungu akupe jicho la kumwona aliyelala barabarani kabla ya kuliona gari. Akukinge usimuumize kiumbe, na ikikupata, akupe ujasiri wa kusimama na kwenda kuomba radhi wewe mwenyewe. Akuweke, akukuze katika haki, amin.