Dole la Meja

Meja hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja. Jina alibandikwa na majirani siku aliyorudi kutoka mnada wa jeshi na malori mawili ya magurudumu sita, moja likilikokota jingine kwa mnyororo. Alipokata kona kuingia kwake, lile la nyuma likang'oa nguzo ya geti. "Meja ameteka kambi yake mwenyewe!" alipaza sauti seremala wa jirani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo hata shemeji zake walisahau jina alilopewa na mamaye.

Lori lililokuwa likivuta akaliita Mzima. Lililovutwa akaliita Marehemu, akaliegesha kando ya ukuta wa ua, likawa ndilo duka lake la vipuri. Maana ukienda kuulizia kipuri cha lori la jeshi madukani, muuzaji hukutazama kana kwamba umeomba kifaru. Basi Mzima akiumwa pampu, Marehemu anatoa pampu. Marehemu alishatoa kioo, taa na nusu ya giaboksi, na bado alikuwa na mengi mwilini. Mkewe Meja aliutaka ua ule kwa ajili ya kuanikia nguo, akaishia kuzianika kwenye bodi ya Marehemu, na kwa kweli zilikauka vizuri.

Huyo mke ndiye aliyekuwa dereva. Meja akishika usukani aligombana na gia kama mtu anayedai talaka. Mkewe alizibembeleza, nazo zikaingia kimya kimya. Kazi yao ilikuwa kushusha mawe ya ujenzi kutoka machimbo ya mlimani, njia ambayo malori mengine hufika katikati yake yakaomba radhi. Walikuwa na maisha yao, na walikuwa na furaha nayo.

Kila asubuhi mama watoto wake alipanda, akawasha, akatulia. Meja akalizunguka lori na bisibisi yake ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Akahamia giaboksi. Kisha mkewe akalisogeza taratibu, naye akitembea ubavuni kusikiliza magurudumu. Akiridhika alisimama mbele ya lori, akainua dole gumba. Bila dole, Mzima haondoki. Mama aliliweka wazi tangu mwanzo: "Siku utakapokosa uhakika, baba watoto, tunauza. Mimi siushuki ule mlima na lori la kubahatisha."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga Meja mdomo masikio yalipoanza kuziba. Walianza ndege kunyamaza, ikafuata simu, kisha sauti ya mkewe akiwa jikoni. Meja akamlaumu mkewe kwamba siku hizi anaongea ndani ya shingo. Mwisho bisibisi nayo ikanyamaza. Meja akajitia hamnazo, akajifunza kusoma midomo ya watu. Aliendelea kuzunguka, kukunja uso kitaalamu, kutikisa kichwa na kuinua dole. Alifanya hivyo kwa sababu alimpenda mkewe na alilipenda lori, na hakujua namna ya kusema ukweli bila kupoteza kimoja.

Asubuhi moja mama aliondoka na dole lake, akarudi kabla chai haijapoa. Alizima injini, akateremka, akamshika mumewe mkono na kuubandika katikati ya gurudumu la mbele kushoto. Meja aliruka. Chuma kilikuwa cha moto kama sufuria.

"Beringi imekufa," mama alisema, uso kwa uso. "Gurudumu linalia tangu getini. Seremala amelisikia. Mbuzi wamelisikia. Wewe hukusikia?"

Meja alitafuta uongo, akaukosa. "Sisikii, mama watoto. Hata injini siisikii. Nimekuwa nikikuinulia dole la bure."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Mama alikaa kwenye ngazi ya lori. "Nimeushuka ule mlima na mawe mgongoni mvua yote hiyo," alisema, "nikijua kuna mtu amesikiliza." Hakupiga kelele, na Meja alitamani angepiga. Machozi yalimtoka Meja, akayafuta kwa mkono wenye grisi, akazidi kujiharibu sura.

Siku ile walishinda kwenye gurudumu. Nati za upande wa kushoto wa malori yale hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao kwingine ndio wa kufungia. Seremala aliwahi kuwasaidia akakata bolti mbili na kujisifu kwamba ana nguvu. Wao walizijua. Walitoa beringi nzima kwa Marehemu, wakaisafisha, wakaivika Mzima. Gurudumu likiwa bado juu ya jeki, mama akalizungusha kwa mkono kulijaribu. Meja alikuwa ameinama kupangusa grisi, mikono yote imejaa, mpini wa bisibisi ameung'ata kwa meno. Ncha ikagusa ekseli.

Akaganda. Ndani ya kichwa chake, kupitia meno, kulikuwa na mvumo laini, mtulivu, unaozunguka.

"Zungusha tena," alisema, meno yameubana mpini. Mama akazungusha. "Mama, nalisikia! Limo humu!" Akajigonga paji la uso, akacheka kama mwehu.

Mama si mtu wa kudanganyika mara mbili. Alimgeuza atazame ukuta, akachukua kipande cha bomba, akamtaka aing'ate ile bisibisi yake na kuweka ncha kwenye bomba. Nyuma yake akawa analivisha bomba beringi, mara ile iliyokufa, mara nyingine nzima ya Marehemu, na kuizungusha, akimgonga begani ajibu.

"Mbovu," alisema Meja. Akagongwa tena. "Nzima." Akagongwa tena. "Nzima. Umenirudishia ile ile, usinichezee!"

Hapo ndipo mama alipocheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kesho yake Meja alimzunguka Mzima bisibisi mdomoni, mate yakimtiririka, seremala akichungulia juu ya ukuta kwa mshangao. Alisimama mbele ya lori akainua dole. Mzima hakuondoka. Mlango wa upande wa pili ulifunguliwa.

"Panda," mama alisema.

"Niende wapi? Nani atabaki na Marehemu?"

"Marehemu haendi popote. Anayeniambia lori ni zima atashuka nalo."

Akapanda. Miaka yote ile hakuwahi kushuka mlima ule na mzigo. Walipolianza teremko, mawe yakiwasukuma kwa nyuma, alimwona mkewe akiukaza usukani mpaka vifundo vya vidole vikabadilika rangi, midomo ikisemasema, jasho likimteremka shingoni. Meja naye alikanyaga breki ambayo haikuwepo. Hakuvuta pumzi mpaka barabara ilipolala.

Mama alisimamisha lori pembeni, akapangusa viganja kwenye gauni.

"Huwa unaogopa hivi?" Meja aliuliza.

Mama akamgeukia vizuri, ili aione midomo yake.

"Kila siku," alisema. "Leo angalau tumeogopa wawili."