Miguu Minane Kwenda Makaburini

Kalemie sijawahi kuona farasi. Hakuna. Tuna ziwa, tuna reli, tuna mbuzi wanaokula nguo kwenye kamba, lakini farasi wa kwanza niliyemjua alichorwa kwa chaki ubaoni, na alikuwa na miguu minane.

Aliyemchora ni mtawa Mjerumani aliyetufundisha sekondari, miaka ile ya Zaire tulipoitana sitwayeni, yaani raia, hata na watu wa nyumbani. Darasa zima lilicheka. Mmoja akasema huyo ni buibui. Mtawa hakukasirika. Alisema kwao, kabla ya Injili kufika, wazee waliamini farasi anajua njia ya kwenda kwa wafu, na ya kurudi pia. Hata yeye alipokuwa mtoto, nyumba za kijijini kwao zilikuwa na vichwa viwili vya farasi vya mbao juu ya paa, viwalinde waliolala ndani. Nikamuuliza: na miguu minane ni ya nini? Akajibu kwamba wako wanaosema tuwatazame watu wanne wanaobeba maiti, tuhesabu miguu yao. Minane: njo yule farasi. Sikumsahau tena.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa dereva wa treni, na alizaa watoto wanne: wanaume watatu na mimi. Alikuwa akitutazama mezani na kusema, "Siku yangu ikifika, munibebe nyinyi wanne. Sitaki bega la kuazima." Alisema wanne. Hakusema watatu, na mimi nilikuwa pale nasikia.

Siku yake ilipofika, mji haukuwa na esansi ya kutia garini. Kamyo ya jirani ililala uani, tangi kavu, ikabidi twende kwa miguu mpaka makaburini, kule juu kilimani. Papa mukubwa, yaani kaka mkubwa wa papa, ndiye aliyeongoza matanga. Akawapanga kaka zangu kwenye pembe tatu za sanduku la maiti, kisha akamwita jirani ashike pembe ya nne.

"Pembe hiyo ni yangu," nikasema.

"Mwanamuke habebake maiti. Njo desturi."

Mimi kunyamaza sikufundishwa. Nikamweleza yule farasi mbele ya watu wote, na vile papa alivyosema wanne. Papa mukubwa alipenda ubishi kuliko nyama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo farasi wa wafu, jike ao dume?"

"Dume, papa. Lakini aliyemzaa alikuwa mwanaume."

Watu wakageuka. Nikaendelea: katika hadithi za kwao yule mtawa, mmoja wa miungu, mjanja kupita kiasi, alijigeuza farasi jike, akashika mimba, akamzaa yule wa miguu minane. "Sasa, kama mwanaume wao aliweza kuzaa, mimi nitashindwa kubeba?"

Kicheko kikawatoka wamama waliokaa mkekani, siku ya kilio hivyo. Mama yangu akainua kichwa. "Shemeji, marehemu alisema wanne. Muachie mutoto."

Nikashika pembe ya mbele, kulia. Sanduku lilikuwa zito, tena papa hakuwa mtu mdogo. Kwenye mlima ubao ulinichuna bega mpaka nikahisi nguo inalowa. Kaka aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona nimpishe mtu. Nikamwambia afunge mdomo, atembee. Nilikuwa nalia, na nilikuwa najivuna, vyote pamoja, wala sikuona haya kwa kimoja. Papa alinihesabu, na hesabu yake ilikuwa inatimia njiani, watu wakiona.

Papa mukubwa alitembea kando yangu. Katikati ya mlima akavua abakosi yake, lile koti la enzi za Zaire ambalo yeye alilivaa sikukuu tu, akalikunja na kulisukuma kati ya bega langu na ubao. Tukafika bila kupokezana na mtu.

Miaka ikapita, papa mukubwa naye akaugua. Alikuwa na watoto wanaume wengi, warefu, wenye mabega mapana kama milango. Wakakaa kitandani pake kumuuliza nani atashika wapi. Akawapanga watatu, akawakatalia waliobaki.

"Ya mbele, kulia," akasema, "mutamungojea yule farasi wangu."