Kambare dume na jike: wifi Magreti alivyonisitiri kule Usoke

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri, kama mpo. Wajukuu, marahaba. Haya niliyashika kwa mikono yangu, sikusimuliwa.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu namna ya kujua pleko dume na jike, wale samaki wanaonyonya kioo cha tangi. Pleko simjui. Ila mjukuu wangu Neema kanionyesha picha, nikaona huyu ana undugu na kambare. Na kambare namjua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nimeolewa Usoke hata mwaka sijamaliza.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na lambo. Kiangazi likianza kukauka, wanawake tunatoa kambare kwenye matope. Wengi tunabanika. Majike kumi na madume mawili tunawaweka kwenye shimo la maji mpaka mvua ije, warudi lamboni wazae.

Ukikosea hapo, mwakani hakuna kitoweo.

Mama mkwe wangu, Mayu Sesilia, akapanda treni kwenda Kanyenye kumuuguza dada yake. Akaniambia, "Mwali, shimo ni lako mwaka huu."

Kuuliza jike ni yupi nikaona haya. Mimi mtoto wa Ntalikwa, kwetu mihogo na karanga, samaki tulimwona akiwa amekauka.

Nikawaza, jike si mwenye tumbo? Nikachagua vitambi kumi, na wembamba wawili wawe waume zao. Waliobaki nikawatia kwenye tenga, nikampelekea wifi yangu Magreti apasue, nikamwambia ni madume.

Akapasua wa kwanza. Akachungulia ndani.

"Wifi, hili dume lako lina mayai."

Nikainama kutazama, kweli mayai.

"Na shimoni umeweka nini?"

"Wenye matumbo."

"Hao wameshiba vyura, wifi." Akacheka mpaka akakaa chini.

Wakuu, angeweza kuniacha. Mwali aliyemaliza samaki wa nyumba nzima angesemwa mpaka Urambo.

Lakini aliweka kisu chini, tukaingia shimoni sote wawili, tukawatoa. Kambare ni mgumu, ukimlowesha anakaa nje muda mrefu hafi, hivyo wale wa kwenye tenga nao walikuwa hai bado.

Akamgeuza mmoja chali.

"Tumbo litakudanganya. Tazama huku nyuma, penye tundu. Dume ana kinyama kirefu kimechongoka. Jike pake ni pa mviringo."

Akashika kidole changu, akakipitisha samaki mmoja mmoja mpaka nikajua kwa kupapasa tu. Katika vitambi vyangu kumi, saba walikuwa madume. Tukachagua upya, tukarudisha shimoni majike kumi na madume mawili.

Mayu aliporudi akainama shimoni, akageuza wawili watatu. "Nani kachagua?"

"Mwali," Magreti akawahi.

Ile sifa haikuwa yangu. Nikasema, "Mayu, mimi niliweka madume. Magreti ndiye kaokoa."

Mayu akasonya. "Mimi mwaka wangu wa kwanza nilibanika majike yote. Muulize baba mkwe wako alikula mlenda mpaka lini."

Mvua ikaja, lambo likajaa, na kiangazi kilichofuata tulikula kambare. Wanangu sita wamekulia kitoweo kile.

Nilichojifunza: haya ya kuuliza inapita, hasara yake mnaila nyumba nzima.

Magreti ametangulia mbele za Mungu. Tuliishi pamoja miaka mingi na sikuwahi kumwambia asante kwa siku ile, nilidhani anajua. Asante, wifi.

Kijana wa pleko, lowesha mkono, mgeuze taratibu, utuambie umeona nini. Na nyie wengine, kama yupo aliyewahi kukusitiri, mtaje hapa chini kwa jina.